Maswali ya wasomaji: Eti "wazazi mlikubaliana", nani alikubali?

Habari zenu wapendwa. Tangu shule zifunguliwe simu yangu haipumziki, na meseji zenu za mwezi huu karibu zote ni za vikao. Kikao cha wazazi, mkutano wa kijiji, baraza la madiwani, mpaka bodi ya shule huko Marekani, na kila mtu analeta malalamiko yaleyale, "tumeambiwa tulikubaliana". Mimi nimekaa kwenye kamati ya shule ya msingi miaka tisa na kamati ya mtaa muhula mmoja, haya mambo nayajua kwa ndani na yananiuma, kwa hiyo leo najibu kwa kirefu. Ambaye sikumfikia anivumilie mpaka toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwanangu yuko darasa la nne shule ya serikali. Juzi saa tatu asubuhi namuona anarudi nyumbani na begi lake, kisa sijalipa 20,000 ya mlinzi, uji na mitihani ya kila wiki. Nikaenda kuuliza, nikajibiwa wazazi mlikaa kikao mkakubaliana. Mimi hicho kikao sikuitwa na wala sikusikia. Nauza mihogo ya kukaanga, hiyo hela kwa sasa sina. Ni haki kweli mtoto kurudishwa? Mama muuza mihogo, Mbagala.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Tuanze na mtoto, hela itafuata. Kesho asubuhi mpeleke shule wewe mwenyewe, mwingize darasani, halafu ndo uende ofisini. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango, hilo halina mjadala. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 na Waraka wa Elimu namba 3 wa mwaka huohuo ukaeleza nani anabeba nini, mzazi amebaki na sare, madaftari na kalamu, matibabu, na chakula cha mtoto wa kutwa. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni kwa sababu ya visa kama hiki chako, na utaratibu uliofuata ukawa anayetaka kuchangia kwa hiari apitie kwa mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu asishike hela ya mzazi mkononi.

Sasa nikwambie na upande wa pili maana sitaki uende pale ukagombane na mtu bure. Ruzuku ya serikali kwa mtoto wa msingi ni 10,000 kwa mwaka, na katika hiyo 6,000 ndo inaingia shuleni, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu, shule ya watoto 800 inapata 4,800,000 kwa mwaka mzima, ni kama laki nne kwa mwezi, na humo kuna chaki, karatasi za mitihani, dirisha lililovunjika, michezo, mambo ya ofisi. Mlinzi wa usiku hapo anaingilia wapi? Kwa hiyo shida ipo na ni ya kweli, uji pia ni wa kweli, mtoto anayekaa mpaka saa nane bila kitu tumboni hasomi huyo. Wazazi kukaa na kuchangiana sio kosa. Kosa ni kulazimisha, na kosa kubwa zaidi ni kusema watu walikubaliana wakati hawakukubaliana.

Ngoja nikusimulie kitu. Mwaka wangu wa tatu kwenye kamati tuliita kikao cha wazazi, tulikaa chini ya mwembe kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yanagusa kidevu. Tulikuwa watu 31 na shule ina watoto zaidi ya 900. Ikaja ajenda ya mlinzi, tukajadili, mzee mmoja akasema sisi ni wachache mno kuwaamulia wenzetu, tusubiri kikao kingine watu waje wengi, na wote tukaunga mkono. Kikao kikafungwa. Baada ya miezi miwili nasikia michango imeanza kukusanywa, nikaenda kuomba kaunta buku la mihtasari. Ukurasa mzima umeandikwa kwa wino wa bluu, halafu chini ya ajenda ya mlinzi, pale palipokuwa na mistari miwili mitupu, pameandikwa kwa wino mweusi, herufi zimebanwa ili zienee, "wazazi wameafiki Tsh 2,000 kwa mwezi kwa kila mtoto". Na muhuri umegongwa juu yake. Nilikaa na lile daftari mapajani sijui kwa muda gani. Watu 31 tulioondoka pale tukijua hatujaamua kitu, lakini akija mkaguzi, akija afisa elimu, wote watasoma kwamba tuliamua.

Tangu siku hiyo nikasimamia jambo moja kwenye kila kikao nilichokaa, na ndo nalokuomba na wewe. Kikao chochote kinachofuata utaratibu kinaanza kwa kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, halafu yatokanayo, yaani yale yaliyotoka kwenye muhtasari huo. Kwenye shule zetu hii sehemu inarukwa, utasikia "tuokoe muda twende kwenye ajenda". Usikubali iokolewe. Nyoosha mkono useme naomba usomwe wote, kwa sauti, mpaka tarehe na idadi ya waliohudhuria. Na kama kuna nafasi tupu kati ya ajenda na ajenda, katibu apige mstari hapo hapo mbele yenu. Haimuudhi mtu asiye na la kuficha.

Kwa hiyo ukifika ofisini uliza kwa heshima, mwalimu naomba kuona muhtasari wa hicho kikao tulichokubaliana. Na risiti za waliolipa, hela imepokelewaje, kwa akaunti ya shule na kontroo namba au mkononi? Mwalimu mkuu ndo katibu wa kamati, daftari liko kwake. Asipokuonyesha nenda kwa mwenyekiti wa kamati, yule ni mzazi mwenzako, hajaajiriwa na mtu. Ikishindikana afisa elimu kata, ikishindikana andika barua kwa mkurugenzi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na usipigane na mwalimu wa darasa tafadhali, yule katumwa tu na mwanao anashinda naye kutwa.

SWALI: Shangazi kijijini kwetu wilaya ya Kilosa tumesikia shamba la kijiji amepewa mtu kutoka mjini. Tukamuuliza mwenyekiti akatuonyesha karatasi ina sahihi zetu zaidi ya mia, na kweli sahihi yangu ipo, lakini mi nakumbuka nilisaini siku ya semina ya mbegu! Na mkutano wa kijiji haujaitwa zaidi ya mwaka. Tufanyeje? Kijana mkulima.

JIBU: Mwanangu hii ya kwako imeninyima usingizi. Umenasa mtego ambao watu wengi wananasa, karatasi ya mahudhurio. Watu wanaingia kwenye mkusanyiko, karatasi inazunguka, ina namba, jina, sahihi, juu hakuna kichwa cha habari. Kesho kutwa mtu anaandika kichwa anachotaka. Kuanzia leo wewe na wenzako msisaini karatasi isiyo na kichwa, andikeni wenyewe pale juu, "mahudhurio ya semina ya mbegu", weka na tarehe, ndo usaini.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi kabisa, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha kwanza. Halmashauri ya kijiji ni wale wajumbe 15 mpaka 25, mwenyekiti akiwemo. Mkutano mkuu ni nyie, kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na kwa sheria ya serikali za mitaa ninyi ndo wakubwa pale kijijini, mwenyekiti yuko chini yenu japo nyie mnamuogopa. Na huo mkutano unatakiwa uitwe kila baada ya miezi mitatu, mara nne kwa mwaka, mapato na matumizi yasomwe. Kijiji kinachokaa mwaka mzima bila mkutano hakiwezi kuwa na maamuzi ya mkutano, hiyo ndo hoja yenu na ina nguvu kuliko maneno yote mtakayosema juu ya huyo mtu wa mjini.

Msianze na maandamano, msianze na kung'oa mipaka ya mtu, mtageuziwa kibao. Andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji maana yeye ndo katibu na ndo anatunza kumbukumbu, ombeni vitu viwili tu: muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha, na orodha ya mahudhurio ya siku hiyo. Iwe na sahihi za watu wengi na safari hii muandike kichwa vizuri. Nakala iende kwa mtendaji wa kata, kwa diwani, kwa mkurugenzi, na kwa mkuu wa wilaya. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi ya umma inapoombwa taarifa inatakiwa ijibu ndani ya siku 30, itajeni kwenye barua, watendaji wengi wakiiona wanakaa vizuri kwenye kiti. Muhtasari ukiletwa, tazameni tarehe. Halafu ulizaneni nani alikuwepo, nani alikuwa shamba, nani alikuwa msibani, mzee gani ameorodheshwa na alishafariki. Hayo yaandikeni, ndiyo ushahidi. Kama mambo hayajakaa sawa kuna baraza la ardhi, na kuna mashirika ya msaada wa kisheria yanayosaidia wanakijiji bila malipo, ila hizo karatasi mnazihitaji kote huko.

SWALI: Habari dada. Mtu wa kawaida anaruhusiwa kuingia baraza la madiwani akasikiliza? Nataka nisikie diwani wetu anasema nini kuhusu stendi. Dereva, Morogoro.

JIBU: Unaruhusiwa kaka, mkutano wa baraza ni wa wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, unakaa kwenye viti vya nyuma unasikiliza, ila huchangii. Baraza la kawaida linakaa kila robo ya mwaka, tarehe ulizia ofisi ya mkurugenzi kwa sababu yeye ndo katibu wa baraza. Jambo moja la kujua, mengi yanakuwa yameshapikwa kwenye kamati kabla hayajafika pale, kamati ya fedha ndo yenye uzito na inakaa kila mwezi, kwa hiyo ukisubiri siku ya baraza utakuta wanapitisha tu. Kama una hoja ya stendi mpe diwani mapema, kwa maandishi, na umbane kwenye kamati ya maendeleo ya kata maana pale yeye ndo mwenyekiti na hana pa kukukimbilia. Halafu siku ya baraza nenda ukae nyuma umsikilize kama ameisema.

SWALI: Shangazi shikamoo, mimi niko Likoni, Mombasa. Nina mawili. Shule ya sekondari ya mtoto wangu inadai hela ya masomo ya ziada likizo hii na asiyelipa hatofunguliwa geti muhula ukianza, wasema bodi imepitisha. La pili, mwakilishi wadi wetu alituita ukumbini kutoa maoni ya bajeti ya kaunti, tukapewa soda na mandazi tukasaini tukaenda zetu, mwaka wa pili sasa barabara yetu haimo. Baba wa watoto watano.

JIBU: Marahaba baba. La kwanza, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 huko kwenu, ambayo inagusa mpaka sekondari, imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo, bodi ikae isikae haiwezi kupitisha kilichokatazwa na bunge. Hiyohiyo sheria kifungu cha 29 kinasema shule ya umma hailipishi karo ya masomo, na tozo nyingine yoyote lazima waziri aiidhinishe kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, risiti rasmi itolewe, na mtoto asizuiwe kuingia shule kwa sababu mzazi hajalipa. Waombe hiyo idhini waliyopewa, kwa karatasi. Kwenye bodi ya usimamizi mna viti sita vya wawakilishi wa wazazi, wajue ni kina nani, wengi hatujui hata majina yao na wanakaa pale wanapiga kura kwa niaba yetu. Waulize mmoja mmoja, wewe siku hiyo ulisema nini? Mkuu wa shule ni katibu tu.

La pili limenigusa maana ni ndugu wa lile la Kilosa, tunasaini halafu hatuoni tulichosaini. Tatizo lingine baba ni kalenda. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa yawe yamefika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na nyie mnaitwa karibu na hapo, wakati huo miradi imeshapangwa. Barabara yenu ilitakiwa iingie kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ule unaowasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba mwaka wa nyuma yake. Kwa hiyo mwezi Julai na Agosti ndo muwe mlangoni kwa mwakilishi wadi, muandike jina la barabara, inapoanzia, inapoishia, shule au zahanati iliyopo njiani. Halafu siku ya ukumbini kabla ya mandazi uliza, maoni tuliyotoa mwaka jana yako wapi, yepi yalichukuliwa na yepi yalikataliwa na kwa nini? Katiba yenu kifungu cha 196 imelitaka bunge la kaunti liendeshe shughuli zake wazi na liwashirikishe wananchi, na kifungu cha 35 kinakupa haki ya taarifa. Simama na hivyo viwili, ongea polepole, na mpe mtu kazi ya kuandika majibu.

SWALI: Hivi wazazi tukikubaliana kikaoni walimu wawachape watoto kisawasawa maana nidhamu imeshuka, kuna shida? Mzazi, Singida.

JIBU: Ipo ndugu yangu, na kubwa. Kikao cha wazazi hakina mamlaka ya kuvuka kanuni. Kanuni ya mwaka 2002 inasema viboko visizidi vinne, kwa kosa kubwa tu, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa kibali cha maandishi, mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike labda kama shuleni hayupo, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Kwa maoni yangu hata hivyo vinne ni vingi, nimeona mtoto anaacha shule kwa fimbo lakini sijaona aliyejua hesabu kwa fimbo. Badala ya kuruhusu viboko ombeni hicho kitabu kisomwe kwenye kamati kila robo, mtajua ni watoto haohao kumi wanaochapwa kila wiki na mtaanza kuuliza kwao kuna nini.

SWALI: Jambo mama. Mi natoka Uvira, nilikaa kambini Nyarugusu miaka mingi, sasa niko Marekani na watoto wanne. Bodi ya shule ya huku inataka kufunga shule iliyo karibu na sisi, wanasema wanafunzi wamepungua, watoto watapelekwa mbali kwa basi. Kingereza changu ni kidogo. Je nina ruhusa ya kusema kikaoni nami si raia bado?

JIBU: Mama yangu, ruhusa unayo. Kusema kwenye kikao cha bodi hakuhitaji uraia, uraia ni wa kupiga kura. Huko shule zinaendeshwa na wilaya za shule, ziko zaidi ya 13,000 nchi nzima, nyingi zina bodi iliyochaguliwa na wakazi wenyewe, na kila jimbo lina sheria ya vikao vya wazi, kwa hiyo ajenda inatangazwa kabla. Itafute kwenye tovuti yao, au muombe mtu wa kanisani akusomee, uone siku ambayo kufunga shule ni ajenda.

Kwa kawaida kuna kipindi cha wananchi kusema, unajiandikisha mapema, unapewa dakika mbili au tatu, zikiisha unakatishwa hata kama hujafika kwenye hoja. Usiumie, ndo utaratibu wao kwa wote. Na wajumbe mara nyingi hawakujibu palepale, wanakutazama tu, wengi wetu tunadhani wametudharau kumbe ndo kanuni ya kikao. Kwa hiyo anza na hoja yenyewe, salamu na historia ya safari viache. Sema watoto wangu wanaamka saa ngapi sasa, basi litawachukua saa ngapi, mimi naingia kazini saa ngapi, na nani atakuwa na mdogo kituoni kwenye baridi gizani. Hizo ni dakika mbili na hakuna mwingine anayeweza kuzisema zaidi yako.

Kuhusu lugha, piga simu au andika wiki moja kabla, useme nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza shule inayopokea hela ya serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na ndo msingi wa wao kukupatia mkalimani, bila wewe kulipa. Sema Kiswahili cha Kongo wazi, maana kuna mama aliletewa mkalimani wa Kenya wakawa wanashangaana. Na usimtumie mwanao kutafsiri tafadhali. Anajua Kingereza kizuri, sawa, ila ni mtoto, atapunguza maneno yako kwa aibu au atabeba mzigo wa mama yake mbele ya watu wazima. Uombe pia mkalimani na dakika zake, kwa sababu ukiwa na dakika tatu na zinatafsiriwa, umebaki na moja na nusu. Wilaya nyingine zinaongeza muda kwa anayetafsiriwa, lazima uulize kabla. Na hata wasipokupa nafasi kabisa, peleka barua kabla ya kikao uombe iwekwe kwenye kumbukumbu za kikao.

SWALI: Mama mimi naogopa kuongea mbele za watu. Nikinyoosha mkono moyo unaenda mbio mpaka nasahau. Nifanyeje? Dada, Tabora.

JIBU: Mdogo wangu wala usijilazimishe. Kwenye kamati yetu kulikuwa na mama mmoja anauza mkaa, miaka miwili hajawahi kufungua mdomo kikaoni. Siku moja alikuja na kipande cha karatasi ya daftari, kimekunjwa mara nne, akampa mwenyekiti mkononi akarudi kukaa nyuma. Mwenyekiti akakifungua akakisoma kwa sauti kabla hajajua kilichomo. Kimeandikwa kwa penseli, "walinzi wako wangapi na kila mmoja tunampa shilingi ngapi?"

Basi kimya. Watoto 900, kila mmoja 2,000 kwa mwezi, hata wakilipa nusu ni laki tisa. Walinzi walikuwa wawili na mmoja wao siku hiyo alikuwepo pale getini, akaitwa, akasema analipwa laki moja, na mwezi uliopita hajapata. Kikao kile kilikwisha saa moja jioni, tunamulikiana na simu, na katibu aliandika muhtasari huku wazazi watatu wamesimama nyuma yake wanasoma kila mstari anaoandika. Mwezi uliofuata mchango ulishuka ukawa 500.

Kwa hiyo andika, kunja, mpe mwenyekiti. Moja tu, na iwe swali la tarakimu.